Moyo Nao Huandika

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Soweto, mjini Moshi. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.



Ninyi mmejua kusoma. Mnasoma barua za watoto. Mnasoma bei dukani. Mnasoma maandishi kwenye kopo la dawa ya kahawa. Leo nataka tuzungumze juu ya maandishi ya namna nyingine. Hayana a, e, i, o, u. Hayaandikwi kwa kalamu wala kwa mkono. Yanaandikwa na moyo wa mtu mwenyewe, na mashine inayachora kwenye karatasi. Ni kipimo cha umeme wa moyo. Hospitalini wanakiita ECG.

Mtaniuliza, yanatuhusu nini sisi wakulima na wachuuzi? Haya, sikilizeni.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka mwaka 1973. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Walijifunza malaria, kuhara, minyoo, kichocho na kifua kikuu. Moyo haukuwamo katika somo lile. Lakini siku hizi presha, sukari na ugonjwa wa moyo vimeingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi.

Mwaka 2019 watafiti walifuatilia watu wazima 681 waliofika katika hospitali moja ya Tanzania ya Kaskazini. Wote walilalamika maumivu ya kifua au kubanwa na pumzi. Walipopimwa kwa makini, 152 kati yao walikuwa na mshtuko wa moyo. Yaani katika kila watu tisa, wawili. Wengi hawakuwa wametambuliwa kuwa ni wagonjwa wa moyo. Na si wachache waliofariki kabla ya mwezi kwisha. Basi msiseme huu ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri. Uko hapa hapa.

MOYO NA MIFONGO YAKE

Ninyi watu wa mlima mnajua mfongo. Maji yanatoka juu msituni, yanapita kwenye mfongo, yanafika kihambani. Mfongo ukizibwa na matope juu, migomba ya chini inakauka. Hata mvua ikinyesha kwa jirani, wewe shamba lako linakauka.

Moyo ni hivyo hivyo. Moyo ni msuli. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni kusukuma damu mwili mzima. Lakini moyo wenyewe nao unahitaji damu. Una mishipa yake midogo inayounywesha. Hiyo ndiyo mifongo ya moyo.

Kwa miaka mingi mafuta yanaweza kujijenga ndani ya mishipa hiyo. Sigara, presha, sukari na unene vinaharakisha kazi hiyo mbaya. Siku moja utando wa mafuta unapasuka, damu inaganda pale pale, na mfongo unazibwa. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa ule inaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Wengine wanauita shambulio la moyo.

MPIGA NGOMA MKUU

Sasa tuzungumze umeme. Msishangae. Ndani ya moyo kuna umeme mdogo sana. Juu kabisa ya moyo, upande wa kulia, kuna sehemu ndogo inayotoa amri. Hiyo ni kama mpiga ngoma mkuu. Yeye akipiga, amri inashuka kwa njia yake, na moyo wote unajikaza pamoja. Damu inasukumwa. Kisha moyo unapumzika, na mkuu anapiga tena.

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Tufanye hesabu. Tuseme unapiga mara 70 kwa dakika. Kwa saa ni 70 mara 60, yaani 4,200. Kwa siku ni 4,200 mara 24, yaani 100,800. Mapigo zaidi ya laki moja kila siku! Na haulali hata usiku.

Hatari inakuja pale wapiga ngoma wengine wanapokataa kumfuata mkuu. Kila mmoja anapiga yake. Hapo si ngoma tena, ni kelele. Moyo unatetemeka tu kama jani, hausukumi damu. Mtu anaanguka palepale. Asiposaidiwa ndani ya dakika chache, anakufa. Wengi wanaokufa kwa mshtuko wa moyo kabla ya kufika hospitali, hiki ndicho kinachowaua.

MASHINE ILIANZA NA NDOO

Aliyetengeneza mashine nzuri ya kwanza ya kuchora umeme wa moyo ni Willem Einthoven wa Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi. Mgonjwa alitumbukiza mikono miwili na mguu wa kushoto katika ndoo za maji ya chumvi, ili umeme wa mwili upite vizuri. Maabara yake ilikuwa mbali na hospitali, zaidi ya kilometa moja. Basi mwaka 1905 alipitisha umeme wa moyo wa wagonjwa katika waya wa simu mpaka maabarani. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel.

Leo mashine inabebeka mkononi. Mgonjwa analala chali. Anawekewa waya kumi: nne mikononi na miguuni, sita kifuani. Kipimo kinachukua dakika chache. Wengine wanaogopa wakisikia neno umeme. Msiogope. Mashine haikutii umeme wowote. Inasikiliza tu umeme ulio nao mwenyewe. Hakiumi, hakichomi. Na ninyi akina mama, kifua lazima kiwe wazi ili waya zikae mahali pake. Una haki ya kuomba muuguzi mwanamke na kujifunika kitenge baada ya waya kuwekwa. Usikatae kipimo kwa sababu ya aibu.

KIBO NA MAWENZI KWENYE KARATASI

Sasa tusome. Tazameni mlima wetu. Kutoka hapa Moshi, Kibo iko kushoto, imeviringana. Mawenzi iko kulia, imechongoka kama meno ya msumeno. Kwenye karatasi ya moyo mpango ni kinyume. Kwanza unaona kilima kidogo. Halafu Mawenzi, kilele chembamba kilichochongoka. Halafu uwanda mfupi tambarare. Mwisho Kibo, mviringo mpana. Kisha mstari unanyooka, na yote yanaanza upya. Kilima, Mawenzi, uwanda, Kibo. Hilo ni pigo moja la moyo.

Kilima kidogo ni amri ikipita vyumba vya juu vya moyo. Mawenzi ni vyumba vikubwa vya chini vikipokea amri ya kujikaza. Kibo ni vyumba hivyo vikijitayarisha upya kwa pigo lingine.

Karatasi ina visanduku. Kwa kawaida hutembea milimita 25 kwa sekunde. Visanduku vikubwa 300 ni dakika moja. Basi hesabu visanduku vikubwa kutoka Mawenzi moja hadi Mawenzi inayofuata, kisha gawa 300 kwa idadi hiyo. Vikiwa vinne, moyo unapiga mara 75 kwa dakika. Vikiwa viwili, ni mara 150, mbio sana kwa mtu aliyelala. Mnaona? Hesabu ya kugawanya mliyojifunza darasani inasoma moyo. Hesabu hii inafaa mapigo yakiwa na nafasi sawa.

Mganga anatazama nini kwa mgonjwa wa mshtuko wa moyo? Nitawatajia machache.

Kwanza, uwanda kati ya Mawenzi na Kibo. Kwa mzima, uwanda huo uko chini, sawa na mstari wa kawaida. Ukiinuka juu katika picha kadhaa zinazotazama upande mmoja wa moyo, mara nyingi maana yake mshipa umezibwa kabisa. Hapo hakuna kungoja.

Pili, uwanda ukizama, au Kibo ikipinduka kichwa chini. Huenda moyo unapata damu kidogo mno.

Tatu, shimo la kina mbele ya Mawenzi. Mara nyingi ni alama ya kovu, kwamba sehemu ya moyo ilikwisha kufa zamani.

Nne, Mawenzi ikiwa pana mno, kupita visanduku vidogo vitatu. Amri inapita kwa shida, inazunguka njia ndefu.

Tano, Kibo ikichelewa kumalizika. Moyo unachelewa kujitayarisha. Pigo la ghafla likitua juu ya Kibo wakati huo, linaweza kuwasha vurugu.

Sita, mapigo ya ajabu, mapana, yanayokuja kabla ya zamu yake. Moja moja hutokea hata kwa watu wazima wa afya. Lakini yakifuatana matatu au zaidi, kwa mbio, kwa mtu aliyepata mshtuko wa moyo, hiyo ni kengele ya hatari.

La mwisho ni baya kuliko yote. Hakuna Mawenzi, hakuna Kibo. Ni mawimbi ovyo ovyo tu. Hapo moyo hausukumi damu.

Ndugu zangu, siwafundishi haya ili mjitibu. Kusoma mstari huu vizuri ni kazi ya miaka. Na karatasi ya kwanza inaweza kuonekana nzuri na mtu ni mgonjwa kweli. Ndiyo maana kipimo hurudiwa, na damu nayo hupimwa. Nawafundisha ili mjue kuuliza: "Daktari, baba amepimwa umeme wa moyo? Kitarudiwa lini?" Mtu anayejua kuuliza hapuuzwi kirahisi.

KOVU HALISAHAU

Tuseme mtu amepona. Amerudi nyumbani. Je, hatari imekwisha? Hapana. Imepungua, lakini haijakwisha.

Sehemu ya moyo iliyokufa inageuka kovu. Kovu halipitishi umeme. Mmeona maji ya mfongo yakikuta jiwe kubwa. Yanalizunguka, na mengine yanarudi nyuma yakizunguka palepale. Umeme wa moyo nao unaweza kuzunguka kovu, zunguka, zunguka, kwa mbio kuliko amri ya mkuu. Vurugu hiyo inaweza kuja katika siku za kwanza, au miezi na miaka baadaye.

Kuna kipimo kingine kinachosaidia kujua hatari hii. Ni picha ya moyo kwa mashine ya ultrasaundi. Daktari anaona kila pigo linasukuma sehemu gani ya damu iliyomo. Kwa mzima ni zaidi ya 50 katika 100. Ikiwa ni 35 katika 100 au chini yake, hata baada ya siku 40 na dawa, hatari ya kufa ghafla ni kubwa. Wengine hapo huwekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua. Kifaa kinalinda mapigo, na vurugu ikianza kinaushtua moyo ili urudi kwenye mwendo. Mtu wa kwanza alipandikizwa kifaa cha namna hiyo huko Baltimore, Marekani, mwaka 1980. Ni ghali, na wengi wetu hatukipati. Lakini dawa za kila siku zinapatikana, nazo zinaokoa watu wengi.

Lakini msijinunulie dawa ya moyo dukani kwa kubahatisha. Miaka ya 1980 madaktari wengi waliwapa wagonjwa dawa za kunyamazisha yale mapigo ya ajabu. Walifikiri: mapigo mabaya yakitulia, mtu atapona. Huko Marekani wakafanya majaribio ya haki. Mwaka 1989 majibu yakatoka. Karatasi za wagonjwa zilikuwa nzuri, mapigo ya ajabu yalipungua, lakini waliopewa dawa mbili kati ya zile walikufa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa! Daktari mwenye elimu alidanganywa na karatasi nzuri. Je, wewe na jirani yako mwenye vidonge vilivyobaki?

SAA YA KWANZA

Tuchukue mfano. Baba mmoja wa Uru anapanda kutoka sokoni. Kifua kinambana katikati kama mtu amemkalia. Maumivu yanakwenda mkono wa kushoto na taya. Jasho jembamba linamtoka. Nyumbani wanasema ni kiungulia, mpeni maziwa. Jirani anasema ni kichomi. Mwingine anasema amerogwa, kuna shauri la kihamba halijakwisha. Wanangoja kuche. Kufika hospitali ni saa kumi na nne baadaye. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inafaa hasa ndani ya saa 12 za kwanza, na kila saa inayopita nguvu yake inapungua. Baba huyu hakuuawa na umaskini wala uchawi. Ameuawa na kungoja.

Basi shikeni haya.

Maumivu au kubanwa kifua kunakopita dakika 15 au 20, hasa pamoja na jasho, kichefuchefu au pumzi fupi, ni safari ya hospitali sasa hivi. Wanawake, wazee na wenye sukari wanaweza wasisikie maumivu makali. Wao huenda wakachoka ghafla au wakakosa pumzi tu. Usiku si sababu ya kungoja. Tafuteni gari. Mgonjwa asitembee, na asipakiwe peke yake kwenye pikipiki. Nendeni penye mashine ya ECG. Hapa Moshi tuna Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi, na tuna KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa matibabu makubwa zaidi, wagonjwa hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Huko wanaweza kuzibua mshipa kwa mpira mwembamba bila kupasua kifua.

Kidonge kimoja cha aspirini cha miligramu 300, kutafunwa, kinaweza kusaidia. Lakini asipewe mtu ambaye aspirini humdhuru, anayetapika damu au mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, wala aliyepooza upande mmoja ghafla.

Mtu akianguka, haitiki na hapumui sawasawa, msimmwagie maji. Msimnyweshe kitu. Msiseme ni kifafa mkasimama pembeni. Moyo ukisimama, mtu anaweza kutetemeka kidogo, au kukoroma na kuvuta pumzi moja moja. Huko si kupumua. Mlaze chali mahali pagumu, si kitandani. Weka viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine. Bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimeta 5 au 6, kisha achia kifua kiinuke. Fanya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayechoka apokewe na mwenzake. Wakati huo mwingine anatafuta gari na kupiga simu. Mikono yenu inasukuma damu badala ya moyo, mpaka afike mwenye mashine ya kushtua moyo. Bila kubonyeza, kila dakika inayopita inaondoa nafasi ya kupona, karibu sehemu moja katika kumi.

BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Aliyepona mshtuko wa moyo ameze dawa zake kila siku, hata akijisikia mzima. Kujisikia mzima ndiyo kazi ya dawa. Asiziache kwa sababu ya miti shamba, wala kwa sababu ya maombi. Aombe, na ameze.

Aombe nakala ya karatasi yake ya ECG. Aiweke pamoja na kadi ya kliniki, mbali na moshi na jua, maana karatasi ya mashine hufifia. Akipata simu yenye kamera, aipige picha. Siku akiugua tena, mganga ataweka karatasi ya zamani na mpya pamoja, aone kilichobadilika. Karatasi ya zamani inaweza kuokoa saa nzima ya kubahatisha.

Moyo ukienda mbio ghafla, kichwa kikazunguka, au akazirai, aende hospitali siku ileile. Kuzirai kwa mtu mwenye kovu la moyo si uchovu wa jua.

Akiugua malaria apate dawa kama kawaida, lakini amwambie mganga: "Nina ugonjwa wa moyo, nameza dawa hizi." Baadhi ya dawa, kama kwinini na baadhi ya antibiotiki, huweza kuichelewesha ile Kibo. Akiharisha sana au akimeza dawa za kukojoza, aseme pia. Mwili ukipoteza chumvi fulani, moyo unakuwa mkorofi. Ndizi zetu zina madini mengi ya potasiamu yanayousaidia moyo, ila mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Sigara aache kabisa. Chumvi apunguze. Presha na sukari apimwe. Atembee kidogo kidogo kadiri alivyoelekezwa, kisha aongeze.

Ndugu zangu, mlipojifunza kusoma, wengine waliwacheka, wakisema mtu mzima hafundishiki. Mkawaonyesha. Sasa nawaomba mwende nyumbani leo, mmwulize kila mzee wa nyumba: kifua kikibana usiku, tutapanda gari la nani? Nani ataamshwa kwanza? Fedha ya safari iko wapi? Majibu yakipatikana mchana, usiku hakuna mabishano.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Mifongo ya moyo ni nini? Ikizibwa kunatokea nini?
2. Visanduku vikubwa kati ya Mawenzi mbili ni sita. Moyo unapiga mara ngapi kwa dakika?
3. Kwa nini aliyepona mshtuko wa moyo bado yumo hatarini?
4. Katika mtaa au kijiji chenu, usiku wa manane gari la kumpeleka mgonjwa litatoka wapi? Pangeni, na mwandike majina.